Shemasi na Mlango wa Katikati

Nilimwonea Shemasi wivu kwa miaka kumi na moja, na sitajifanya hapa kwamba ulikuwa wivu wa heshima, ule ambao watu huutaja huku wanacheka. Kilikuwa kijicho kamili. Kuna asubuhi nilikuwa naamka chumbani kwangu Sydenham, mtaa wa Durban, natafuta viatu chini ya kitanda, na kitu cha kwanza kunijia kichwani si mke wala watoto, bali jinsi mzee yule alivyoshika randa jana yake.

Kazi yake ilikuwa useremala. Ushemasi ulikuwa wa kanisani, kanisa la Wakongo kule Cato Manor, lakini ulimganda mpaka kazini. Wahudumu wa Kizulu walimwita Shemasi bila kujua neno lina maana gani, na bosi wetu aliamini ndilo jina lake la ukoo, akawa anaandika "Mister Shemasi" juu ya bahasha ya mshahara. Alikozaliwa na waliomzaa sitavigusa. Sivijui vizuri, naye hakuwa mtu wa kuvitembeza. Mimi nilimjua kuanzia mlangoni kwenda ndani.

Tulikuwa mafundi wawili wa nyumba moja, na nyumba yenyewe ni baa. Iko kwenye kona, chini kidogo ya Morningside, pale barabara inapoanza kuteremka. Mwingereza aliyeijenga zamani alikuwa na hamu ya kwao, akataka baa ile ile aliyoiacha, isipungue kitu. Vigae vya kijani vya ukutani, nguzo nyembamba za chuma, dari la bati lililogongwa maua, kaunta ndefu iliyopinda kama kwato ya farasi, vyote vilikuja kwa meli. Alijenga mahali pa kuotea moto katika kila chumba, hapa Durban, ambapo mwezi wa pili, ukisimama tu, unatota jasho. Mpaka leo hakuna aliyewahi kuona moto ukiwaka ndani yake. Tunahifadhi fagio humo.

Ina milango miwili ya barabarani. Mmoja unaingia kwenye chumba cha wafanyakazi, sakafu ya mbao tupu. Mwingine, wenye kioo kilichochorwa majani, unaingia kwenye chumba cha mabwana, penye zulia. Kaunta ni moja na bia ni ile ile, ila kuna ukuta wa mbao katikati. Upande wa mabwana, juu ya kaunta, kuna safu ya vidirisha vidogo vya kioo cha ukungu vinavyozunguka kwenye mhimili, ili bwana aagize bila muuzaji kumwona uso. Na ubavuni, uchochoroni, kuna kidirisha cha kuuzia chupa, kwa waliokuja kuchukua bia wakaondoka nayo.

Mimi nilipoingia mara ya kwanza niliona baa chakavu yenye kazi nyingi. Shemasi alisimama katikati, akaufungua na kuufunga mmoja wa vidirisha vile, akacheka peke yake.

"Petit," aliniambia, "hii nyumba yote imejengwa na aibu. Kila mutu anataka kunywa. Hakuna mutu anataka aonekane anakunywa."

Petit ni mdogo, kwa Kifaransa chao. Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja, nina mke na watoto watatu, na aliniita hivyo mpaka siku aliyoacha kazi. Lakini si hilo lililoniuma. Kiliniuma kile alichokisema. Nilitamani ningekisema mimi. Wiki hiyo hiyo nikamwambia mke wangu, kwa sauti nzito ya mtu aliyefikiri, kwamba nyumba ile imejengwa na aibu. Aliacha kukunja nguo akaniangalia. "Nani kakwambia?" akauliza.

Jambo la kuchekesha ni kwamba hakuna kati yetu aliyewahi kuonja kilichouzwa mle. Mimi ni Mwislamu wa Tanga, na mama yangu mpaka leo anajua nafanya kazi kwenye nyumba ya kumbukumbu ya Waingereza, jambo ambalo si uongo sana. Yeye alikuwa wa kanisa ambalo hata soda nyeusi waliitilia mashaka. Tuliingia saa kumi na mbili asubuhi na kutoka kabla wanywaji hawajaanza. Yeye aliijua baa ile kuliko waliolewa ndani yake. Alijua ni wapi kwenye kaunta viwiko vimechimba shimo, na akakataa kulijaza. "Huyu alikuwa anakuja kila siku," alisema akipitisha kiganja kwenye shimo hilo. "Tumwachie nafasi yake."

Kila asubuhi alianza kwa kusimama kwenye kizingiti na kufumba macho kwa dakika moja. Nilidhani anasali, mpaka siku moja nikamuuliza, akasema hapana, anasikiliza. Hewa ya chumvi ya Durban inavimbisha mbao wakati wa kiangazi na kuzikausha baridi ikija, na yeye alidai kwamba akitulia anasikia ni mlango upi utagoma leo. Nilijaribu. Nilisimama pale wiki nzima macho nimefumba kama mjinga, nikasikia kunguru, teksi zikipiga honi, na tumbo langu. Yeye akaja nyuma yangu, akasikiliza kidogo, akasema, "Ya choo," akaenda chooni, na kweli mlango ulikuwa umekaza.

Alikuwa na chupa ya chai ya maziwa na mkate uliofungwa kwenye kitambaa, na hakula kabla hajanikatia nusu. Kwa chakula alikuwa na mkono mwepesi. Kwa sifa alikuwa bahili sijapata kuona. Alikuwa na neno moja tu la kusifu kazi, nalo hakumpa mtu, aliipa mbao. Kiungo kikikaa, droo ikiteleza, vanishi ikilala, alirudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa, akasema, "Imekubali." Basi. Alilisema mbele ya kazi yake mara nyingi. Alilisema mbele ya kazi ya yule Mwingereza aliyekufa zamani. Mbele ya kazi yangu alisema, "Sharp," yaani sawa, kama vijana wa mtaani, au, "Itashika," kisha akageukia jambo jingine.

Mnaweza kuona ni jambo dogo. Mimi nilisomea ufundi miaka mitatu, nimetengeneza makabati ya watu wenye pesa zao Mombasa na Maputo, na nilijikuta nalitaka neno moja la mzee mmoja kama mtoto anavyotaka peremende. Nililitaka kuliko nyongeza ya mshahara. Nilijichukia kwa kulitaka, nikamchukia yeye zaidi kwa kutolitoa.

Sasa nieleze alichokuwa nacho ambacho mimi sikuwa nacho. Waingereza wale, pamoja na fahari yao yote, hawakuwa na pesa ya mahogani kila mahali. Kaunta ni mahogani kweli. Lakini milango mingi na ukuta wa katikati ni msonobari wa bei ya chini, uliopakwa rangi na kuchorwa nyuzi za mbao mpaka ukaonekana mahogani. Kazi hiyo ilikuwa na mafundi wake, na wamekwisha. Shemasi aliijua. Alijifunza wapi sikuwahi kupata jibu moja. Siku nyingine alisema kwa padri Mbelgiji, siku nyingine alisema kwa kuharibu milango mingi. Vifaa vyake vilikuwa kitana alichokikata kwenye mpira wa tairi, brashi iliyonyolewa, na unyoya wa kuku. Na bia. Unga wa rangi huchanganywa na bia iliyochacha, ambayo hushika vizuri na kukauka polepole. Kwa hiyo shemasi asiyekunywa alikuwa akienda kwa muuzaji kila Ijumaa kuomba mabaki ya gilasi za jana usiku, anayamimina kwenye chupa ya jemu, na kupanda nayo teksi kwenda Cato Manor kufanya mazoezi nyumbani.

Ilimtokea puani, kama ilivyopasa. Dada mmoja wa kanisani alisikia harufu mkononi mwake alipokuwa akigawa mkate wa Meza ya Bwana. Akaitwa mbele ya wazee. Mimi niliposikia, sitaficha, nilifurahi. Nilikula vizuri siku hiyo. Naye hakujitetea kwa maneno. Alienda na ubao wa msonobari, kitana, unyoya na chupa yake ya bia, akapiga magoti mbele ya wazee na kuuchora. Waliukagua, wakaukuna kwa kucha, wakaugeuza nyuma kuona msonobari, wakaugeuza mbele kuona mahogani. Mchungaji akamwomba awachoree mimbari. Kwa hiyo mimbari ya kanisa lile, linalokataza hata soda nyeusi, imepakwa bia mpaka leo. Mimi ningekutwa na harufu hiyo msikitini ningekuwa nimekwisha. Yeye akapewa mimbari.

Na mtu huyu huyu alichukia uongo. Muuzaji akisema basi limechelewa na kumbe alilala, Shemasi hakumsemesha siku mbili. Nikamwuliza siku moja vipi anachukia uongo na kazi yake yote ni kufanya msonobari useme ni mahogani. Alimaliza kwanza kutafuna mkate.

"Mlango haisemi kitu," alijibu. "Ni weye unauliza vibaya."

Alikuwa na tabia moja tena. Kila alipomaliza kuchora, kabla rangi haijakauka, alibonyeza dole gumba chini kushoto, kimo cha goti, na alama ile ikawa jicho la mbao, lile fundo dogo la mviringo. Dole lake lilikuwa limepasuliwa na msumeno zamani, likabaki na kovu lililokatiza katikati. Ukijua pa kuangalia, ulimwona. Asiyejua aliona mbao.

Nifike kwenye kosa langu. Bosi wetu ni mama wa Kihindi wa hapa hapa Durban, mtu mpole mwenye kumbukumbu ndefu. Baba yake alikuwa mhudumu kwenye baa ile enzi za ubaguzi. Aling'arisha shaba, alifuta mlango wa katikati kila asubuhi, ule unaotoka chumba cha wafanyakazi kwenda kwa mabwana, lakini kuupita mbele ya wateja hakuruhusiwa, alizungukia uani. Binti alipopata uwezo aliinunua baa nzima, na kitu alichokipenda kuliko vyote ni mlango huo. Aliwaonyesha wageni. "Hii ni rangi ile ile aliyoigusa baba yangu," aliwaambia. Kila alipofika, kabla hajaweka mkoba, aliushika kidogo.

Mwaka ule biashara ilipungua, akatuambia wazi kwamba atabaki na fundi mmoja wa kudumu, mwenye kukabidhiwa funguo, na mwingine atamwita kukiwa na kazi. Angeamua mwisho wa mwezi. Shemasi akaenda Johannesburg kwenye mazishi, siku nne. Nikajisemea, hapa hapa.

Mlango wa katikati ulikuwa mweusi kwa moshi na mikono ya watu. Mimi ni seremala, na seremala akiona uchafu juu ya mbao anataka kuifikia mbao. Shemasi alikuwa ameniambia milango mingi ni ya kuchorwa, lakini huu, uliopendwa hivi, nilidhani lazima utakuwa mahogani ya kweli. Nilitaka bosi aingie aukute unang'aa. Jumapili asubuhi baa ikiwa imefungwa nikaweka mashine ya msasa upande wa wafanyakazi. Chini ya weusi hakukuwa na wekundu. Kulikuwa na msonobari mweupe. Nilipozima mashine nilikuwa nimeshakula uso mzima wa mlango, kila alichogusa yule baba, na vumbi lake lilikuwa kwenye kope zangu.

Nikakaa sakafuni.

Jumatatu ni siku ya kufungwa pia. Shemasi alirudi asubuhi hiyo, na mkoba wa safari bado begani. Aliuangalia mlango. Aliniangalia mimi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi na nadhani matusi yangenisaidia.

"Eish, petit," alisema tu. "Leta ngazi."

Alifanya kazi kutwa. Upande wa pili wa mlango ulikuwa mzima, kwa hiyo alikuwa na kielelezo, lakini hakukiangalia mara nyingi. Uso niliouharibu aliujua kwa moyo, mpaka ile michirizi iliyokuwa karibu na kitasa. Aliweka rangi ya chini, akaburuta kitana, akapitisha unyoya, akafuta, akarudia. Akabonyeza dole. Jioni akaufifisha kwa chai ya rangi iliyolala na masizi ya sufuria, mpaka ukawa na uzee wake wote. Nilikuwa nikimshikia taa na kumwona anavyofanya, na badala ya shukrani nilikuwa nikifikiri: kwa nini yeye. Alirudi nyuma hatua mbili. "Imekubali," akasema.

Jumanne bosi akaingia, akaushika mlango kabla hajaweka mkoba, akatusalimia, akapita. Shemasi alikuwa anaangalia dari.

"Mbona hukumwambia?" nilimwuliza tulipobaki wawili.

"Hajauliza."

"Ahsante, Mzee. Umeniokoa."

"Haiko juu yako," alisema akifuta kitana chake. "Iko juu ya mlango. Na juu ya baba ya huyu mama."

Hilo, kwamba hakufanya kwa ajili yangu, liliniingia kuliko tusi lolote. Mwisho wa mwezi bosi akampa yeye funguo. Nikampongeza, nikajikaza kisabuni, nikawa wa kuitwa kukiwa na kazi. Na siku alipoziacha, miaka minne baadaye, kwa sababu presha ya macho ilikuwa imemla jicho moja na kuanza la pili, alimwambia bosi anipe mimi. Kwa hiyo hata funguo nilizipata kwa mkono wake.

Lakini tangu Jumatatu ile nilikuwa nimeanza. Nilikata kitana changu. Nyoya nilizipata kwa muuza kuku wa jirani. Bia sikuigusa, niliuliza, nikajaribu, nikagundua siki nayo inashika. Kwa miaka nilichora mbao chumbani Sydenham mpaka mke wangu akasema nyumba inanuka kachumbari na ataenda kulala kwa dada yake. Nilichora na kutupa. Sikumwambia Shemasi. Nilikuwa nataka siku moja nimwekee ubao mbele yake na akose la kusema isipokuwa lile neno.

Kisha, mwaka wa kwanza wa funguo zangu, bomba la ghorofani lilipasuka. Bosi alikuwa Australia kwa binti yake, wiki tatu. Maji yalishuka kwenye mlango wa katikati kwa siku mbili kabla sijayaona, na rangi ya Shemasi, upande ule aliouchora, ikabambuka yote. Niliukausha, nikaupiga msasa kwa mkono, na nikauchora upya. Zilinichukua siku kumi na mbili. Nilitumia siki, chai na masizi. Mwisho nikabonyeza dole langu, chini kushoto, dole zima lisilo na kovu. Bosi alirudi, akaushika mlango, akaweka mkoba. Nilisimama pale nimejaa kama puto, na hakuna mtu wa kumwambia. Ningemwambia nini? Kwamba rangi ya baba yake iliondoka mara mbili, na mara ya kwanza mikononi mwangu?

Mwezi uliopita Shemasi alikuja kututembelea. Aliteremka teksi kwenye robot, taa za barabarani za kona, na fimbo, amekonda, koti lake la kanisani limemzidi. Bosi alimkumbatia, akamketisha, akamletea chai, na kabla hata haijapoa akaanza kumsifu. Kwamba bomba lilipasuka, na mlango ule ulistahimili, kwa sababu Mister Shemasi aliutunza vizuri miaka yote ile. Nilikuwa nimesimama na bisibisi mkononi, nikitabasamu mpaka mashavu yakaniuma.

"Nipeleke niuone," Shemasi akaniambia.

Nikamwongoza. Bosi akaja nyuma yetu. Shemasi alipitisha kiganja juu ya mlango, polepole, kutoka kitasani kushuka. Kisha akatoa simu, akawasha tochi, akapiga magoti kwa shida, na kuliweka jicho lake lililobaki karibu kabisa na kona ya chini kushoto. Akainusa rangi. Alikuwa anaangalia dole lisilo na kovu, na alikuwa anajua la nani, na bosi alikuwa hatua mbili nyuma yetu. Neno moja kwa Kiingereza na funguo zangu zingerudi mezani.

Alinyoosha mkono nimwinue. Alirudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa.

"Bia haukugusa," alisema kwa Kiswahili, chini chini. "Ulitumia siki." Akazima tochi. "Imekubali, fundi."

Si petit. Nilikuwa nimelingoja neno lile miaka yote hiyo, na lilipokuja lilikuja kwa lugha ambayo kati yetu watatu tuliijua wawili tu.

"Amesema nini?" bosi akauliza, akitabasamu, akitaka naye asikie.

Nilimwangalia, nikaangalia mlango. Sikutaka kumgawia mtu.

"Anaomba maji," nikasema.

Shemasi, anayejua Kiingereza kuliko mimi, mtu aliyeweza kumnunia muuzaji siku mbili kwa uongo wa basi, hakufungua mdomo. Nilipomletea gilasi aliipokea kwa mikono miwili, akanywa maji yote bila kupumzika, akanirudishia. Chai yake ilikuwa bado mezani, imejaa.